Pacha wa Pili

Nyuzi zilikuwa sita. Alijua ni sita kwa sababu alizitia mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa sindano ndefu, siku alipolimimina tofali lile la jeli la kujaribia mashine kwenye bakuli la plastiki na kuliacha ligande. Lakini skrini ilimwonyesha kumi na nne. Sita ziling'aa kama inavyotakiwa. Nane nyingine zilikuwa hafifu, zimekaa juu na chini ya zile za kweli.

Mwanamke huyo, Macho kwa jina, alifuta jeli iliyomwagikia kifundo cha mkono, akakirudisha kichwa cha kupimia pale pale, akahesabu upya. Kumi na nne.

Hakuwa mtu wa kushtuka haraka. Miaka tisa ya kupiga picha za ultrasaundi ilikuwa imemzoeza kwamba kitu cha ajabu kwenye skrini mara nyingi ni kosa la mkono. Alibadilisha pembe. Akaongeza jeli. Akaondoa kidole kilichokuwa kikigusa ukingo wa bakuli. Uzi wa nne ulibaki na kivuli chake juu, na umbali kati yao haukubadilika. Akavuta mstari wa kupimia kutoka kimoja hadi kingine. Milimita kumi na mbili.

Akapima wa tano. Milimita kumi na mbili.

Namba hiyo alikuwa ameiandika kwa mkono wake siku sita zilizopita, baada ya kumpiga picha mwanamke ambaye angekuwa mama mkwe wake.

Akainua macho hadi kona ya skrini, mahali ambapo mashine huandika idadi ya picha inazotoa kwa sekunde. Ilipaswa kusoma kumi na moja. Ilisoma ishirini na mbili.

Mashine ya kawaida hutuma sauti moja fupi mwilini, mfano wa mtu anayepiga kofi moja ndani ya ukumbi mtupu, kisha hutega sikio kungoja mwangwi. Kwa watu wenye miili mikubwa, mwangwi wa ndani sana hurudi umechoka, na picha huwa ukungu mtupu. Wala huwezi kupiga kofi kubwa upendavyo. Mwili wa mtu una kiasi unachovumilia. Ndiyo maana Fundi, mpenzi wake na mwenzake wa kazi, aliiandikia mashine hii msimbo. Badala ya kofi moja ilituma mapigo thelathini na mawili kwa mpangilio inaoujua yenyewe, na mwangwi uliporudi, hata ukiwa dhaifu, iliutambua mpangilio wake na kuyakusanya mapigo yote mahali pamoja. Ini lililokuwa ukungu likaonekana.

Ila msimbo mmoja huacha vivuli. Kila kitu kinachong'aa hupata wenzake wa uongo juu na chini yake, wengine wakiangukia nje ya picha. Kwa hiyo misimbo ilikuwa miwili, pacha. Unatuma wa kwanza, unatuma wa pili, unajumlisha. Vivuli vya mmoja ni kinyume cha vivuli vya mwenzake, vinafutana, na kinachobaki ni cha kweli. Kila picha inataka safari mbili, hivyo mwendo unapungua nusu. Kumi na moja, si ishirini na mbili. Fundi alimweleza hayo jioni moja kwenye benchi la kituo cha basi, akipitisha vidole vyake katikati ya vidole vya Macho ili aonyeshe jinsi mmoja anavyojaza nafasi ya mwingine, na mabasi mawili yalipita wasiyaone.

Sasa pacha wa pili hakuwa akitumwa.

Alilivuta daftari la chumba. Sheria waliitunga wawili: kila badiliko kwenye mashine linaandikwa siku hiyo hiyo, na linawekwa saini mbili. Jumanne ya wiki iliyopita, saini mbili. Jumatano, siku wageni, wale wafadhili wa mradi, walipokuja kuitazama mashine, hakuna kitu. Alhamisi hakuna kitu. Ijumaa, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Mama yake Fundi. Ini. Doa jeupe, milimita kumi na mbili juu ya kiwambo kwenye picha."

Kiwambo, ule msuli uliotandazwa chini ya mapafu, ni kitu kinachong'aa sana.

Mlango ulisukumwa kwa mgongo. Fundi aliingia kinyumenyume na vikombe viwili vya chai, shati lake limekunjwa hadi viwikoni, kile kifungo cha tatu chenye rangi tofauti kikiwa mahali pake. Mara ngapi Macho alikuwa amekizungusha kifungo kile kwa vidole viwili huku wakizungumza. Leo alitazama pembeni.

"Yako haina sukari," Fundi alisema. "Usije ukasema sikujali."

"Weka hapo."

"Mama anafika saa kumi. Anataka nakala ya picha aipeleke hospitali kubwa. Foleni yao ni wiki sita, lakini ameambiwa ukienda na picha mkononi wanakusogeza mbele. Nilikuwa nafikiri..."

"Kaa, Fundi."

"Nimekaa tangu asubuhi, acha ninyooshe miguu."

"Kaa."

Akakaa. Alimjua. Macho hakuwa mtu wa kupaza sauti akikasirika. Sauti yake ilishuka, ikawa ile ya kumwambia mgonjwa avute pumzi aishike.

"Mashine hii inatoa picha ngapi kwa sekunde?"

"Kumi na moja."

"Soma pale."

Fundi hakusoma. Mtu asiyejua hugeuza kichwa akatazama. Yeye alitazama vikombe.

"Tangu lini?"

"Macho..."

"Nimeuliza tangu lini. Jina langu nalijua."

"Jumatano. Wale wageni." Alijikuna shingo. "Yule mzee wa miwani alisema picha inatembea kama kobe. Umemwona alivyo, hana subira hata ya lifti. Nikamzima pacha wa pili dakika tano tu, picha itiririke. Wakifika chini ya ngazi nirudishe."

"Hukurudisha."

"Nilisahau."

"Hukuandika."

"Kitu cha dakika tano nacho nikiandike?"

"Sheria inasema kila kitu. Haisemi dakika." Macho aligeuza daftari limwelekee. "Nionyeshe Jumatano iko wapi."

Kidole cha Fundi kilishuka ukurasani, kikaishia Jumanne.

"Ijumaa nikamlaza mama yako kwenye kitanda kile," Macho aliendelea. "Mimi. Kwa mikono hii. Mwanamke ambaye tangu nije kwenu hajawahi kunipa mkono zaidi ya ncha za vidole. Nimemzidi mwanawe miaka mitatu, niliwahi kuolewa nikaachika, na kazi yangu ni kutazama matumbo ya watu kutwa kucha. Hayo si maneno yangu. Aliyasema mbele yangu, na wewe ulikuwepo. Lakini siku ile alikubali kuja kwa sababu mashine tatu hazikuweza kuliona ini lake. Nikamwambia vuta pumzi, shika. Akanishika mkono, Fundi. Akaniuliza, mwanangu, unaona nini. Mwanangu. Nikamwambia ninachoona."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekuja na chai."

Nje kwenye korido mtu alipita akisukuma kigari chenye gurudumu bovu. Wote wawili walingoja kilio kile kipite.

"Umekumbuka lini?" Macho aliuliza.

"Ndiyo hivi sasa, ulivyo..."

"Nakuuliza mara ya pili, na mara ya tatu sitauliza."

Fundi alizungusha kikombe juu ya meza, nusu mzunguko, akakirudisha. Alipotazama juu, macho yake yalikuwa ya mtu aliyekwisha kuchoka kubeba kitu na bado hataki kukitua.

"Jumapili," alisema.

Jumapili. Macho aliiona upya meza yote ya chakula nyumbani kwa kina Fundi. Mama yake Fundi ni mshonaji. Futi yake ya kupimia huishi shingoni kama mkufu. Jumapili aliivua, akailaza kati ya sahani, akaweka ukucha kwenye mstari wa milimita kumi na mbili. Hiki hapa, aliwaambia wanawe, kitu chenyewe kiko umbali huu, mwenzenu amekipima vizuri sana, sijui kama alikuwa anapima ugonjwa au anapima kaburi. Dada mkubwa wa Fundi akaguna kwamba tangu mtu fulani aingie kwenye familia hii hakuna aliyelala usingizi. Na mama akamalizia kwa utulivu, huku akiikunja futi: huyo binti ananiombea nife apate nafasi, na maadamu napumua, hataolewa humu.

"Milimita kumi na mbili," Fundi alisema. "Alipoweka ukucha pale nilijua. Umbali wa kivuli cha pacha wa kwanza naujua hata nikiwa nimelala."

"Ulijua pale pale mezani."

"Pale pale."

"Nilikutazama."

"Nilikuona."

"Nilikutazama wewe, Fundi, kwenye meza nzima ile. Ukainamia sahani ukaanza kutenga mifupa ya samaki."

"Ningesemaje? Wageni wametuahidi mwaka mwingine wa kazi kwa sababu ya picha ile. Nikisema ilikuwa ya pacha mmoja, nimewadanganya. Nikisema mbele ya mama... Unamjua mama. Nilitaka nirudishe msimbo kimya kimya, tumpige picha tena, doa liondoke, kila mtu afurahi."

"Kila mtu."

"Na wewe pia."

Macho alisimama. Kiti kilirudi nyuma kikagonga kabati.

"Mimi ningekuwa nani katika hadithi hiyo? Mwanamke aliyeona doa, halafu doa likapotea. Wangesema nililiweka mimi na nikaliondoa mimi. Mama yako ameacha kupokea kazi. Anamalizia nguo za wateja kama mtu anayefunga mizigo. Mkasi wake, ule asioruhusu mtu akatie hata karatasi, amempa dada yako. Siku nne unayatazama hayo, unakuja hapa asubuhi, unaniambia habari za asubuhi mpenzi, unanibusu shavuni. Ulikuwa unambusu nani?"

"Nakupenda. Hilo halijabadilika hata..."

"Usilete hilo hapa. Hilo sijauliza."

Fundi akafanya jambo ambalo huenda kwake lilionekana kuwa la busara. Alilivuta daftari, akachomoa kalamu mfukoni, akatafuta nafasi nyembamba kati ya Jumanne na Ijumaa. Akaanza kuandika: "Jumatano."

Mkono wa Macho ulitua juu ya kalamu.

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi. Lakini kosa ni la Jumatano, naliweka mahali pake."

"Ukiliweka hapo, atakayefungua kesho ataona uliandika siku ile, na mimi nilisoma nikapuuza." Hakuondoa mkono. Vidole vyake vilikuwa juu ya vya Fundi, na kwa muda mfupi mwili wake, usio na aibu, ulikumbuka benchi la kituo cha basi. Alikasirika zaidi kwa sababu hiyo. "Utaandika tarehe ya leo. Utaandika ulijua lini. Lakini kwanza utamwambia mwenyewe. Saa ngapi?"

Fundi alitazama saa ya ukutani. "Tisa na dakika hamsini na tano."

"Mama yako hajawahi kuchelewa."

Hakuchelewa. Walisikia viatu vyake ngazini, na mapumziko yake kwenye kila ngazi ya tano. Aliingia akiwa na mkoba wa kitambaa alioushona mwenyewe, futi shingoni. Alikuwa mwanamke mkubwa, mrefu, aliyejibeba vizuri, ila wiki hii gauni lilikuwa limelegea kidogo mabegani, na yeye asingevaa gauni lililolegea kama angekuwa sawa.

"Shikamoo, Mama," Macho alisema.

"Marahaba." Hakumtazama. "Leo nimekuja na nguo zangu zote mwilini, hamna kunipaka huo uteute wenu wa baridi. Baba, iko wapi hiyo picha?"

Kumwita mwanawe Baba ilikuwa desturi yake akiwa na woga. Macho alilijua hilo. Alirudi nyuma hatua mbili, akaegemea kabati, akamwachia Fundi chumba.

Fundi alifungua mdomo. "Mama, picha... picha bado haijawa tayari. Printa inasumbua."

Printa ilikuwa mezani, taa yake ya kijani ikiwaka kwa utulivu.

Macho alianza kufungua vifungo vya koti lake jeupe. Cha kwanza. Cha pili. Alilivua, akalikunja mikono ndani kama anavyokunja mtu asiyetarajia kulivaa tena karibuni, akaliweka juu ya kiti. Akachukua mkoba wake kwenye msumari.

"Unakwenda wapi?" Fundi aliuliza.

"Printa inasumbua," alisema. "Mimi si fundi wa printa."

Alikuwa ameshafika mlangoni, kitasa kiko mkononi, aliposikia nyuma yake kiti kikivutwa na sauti ya Fundi ikitoka nyembamba kuliko kawaida.

"Mama, kaa. Printa haina tatizo lolote. Picha ndiyo yenye tatizo, na tatizo nililifanya mimi."

Macho hakugeuka. Alibaki ameshika kitasa, akasikiliza hadi mwisho. Fundi alieleza vibaya mwanzoni, kwa maneno ya kazi, mama akamkata, "Sema kwa lugha ya mama yako," akaanza upya. Wageni. Dakika tano. Daftari. Pacha mmoja kunyamazishwa. Vivuli, na umbali wa vivuli. Kwamba doa lile linaweza kuwa kivuli cha kiwambo chake mwenyewe na si ugonjwa.

Alipomaliza, mama alikuwa ameivua futi na kuizungusha kwenye ngumi, zamu moja baada ya nyingine.

"Umejua lini?"

"Jumapili."

"Jumapili saa ngapi?"

"Ulipoweka ukucha kwenye futi."

"Kabla sijasema lile neno la kaburi, au baada?"

"Kabla kidogo."

"Kabla." Alilirudia neno polepole. "Kwa hiyo nilipomwambia mtoto wa watu ananiombea kifo, wewe ulikuwa na jibu mdomoni, ukalimeza pamoja na samaki."

"Nilikuogopa, Mama."

"Mimi nilikuwa naogopa kufa. Tungeogopa pamoja ungeniambia." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na Macho, pale mlangoni, alitambua kwa mshangao kwamba hasira ya mwanamke huyu ilikuwa ya aina moja na yake. "Miaka thelathini na moja nashona. Mteja akiingia naandika kiuno chake daftarini mbele ya macho yake. Nikikosea namwambia nimekosea, nanunua kitambaa kingine. Wewe umekulia chini ya meza ile. Ulijifunza kusoma kwa daftari lile, viuno vya watu na mabega ya watu. Halafu unazima kitu, huandiki. Siku nne, Baba. Siku nne nimekuwa nikilala nimevaa nguo nzuri ili wakinikuta asubuhi nisiwatie aibu."

Fundi alifunika uso kwa viganja.

"Toa mikono usoni. Sijamaliza." Akageuka kitini. "Na wewe uliyeshika mlango. Njoo hapa, nina lako."

Macho aliachia kitasa. Alikuja akasimama mbele yake.

"Nilikuuliza unaona nini, ukaniambia. Uliniambia kama mtu mwenye uhakika. Mbona hukusema hujui?"

Ilikuwa haki yake kuuliza. Macho alikuwa amejiuliza swali hilo tangu alipoona namba kwenye kona ya skrini, hata katikati ya kelele za hasira yake.

"Mashine hii bado ni ya majaribio," alijibu. "Nilipaswa kusema naona kitu lakini sijui ni nini, tungoje tukirudie. Uliponishika mkono niliona vibaya kukupa jibu nusu. Hilo kosa ni langu. Si la Fundi."

Mama alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alimtazama kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine, akitafuta mahali ulipofichwa uzi.

"Na Jumapili hukujitetea."

"Sikuwa na cha kujitetea nacho. Niliamini nilichokiona."

"Hm." Akaifungua futi kwenye ngumi, akaivaa tena shingoni. "Basi nipimeni sasa. Huo uteute nitauvumilia."

"Mama umekula?" Macho aliuliza.

"Siku sita chakula kimekuwa kikinikwama hapa. Leo mchana ndiyo nimejilazimisha. Chai, mkate, na mayai mawili."

"Basi haiwezekani leo. Tumbo likiwa limeshiba, hewa na chakula vinaziba njia, na mfuko wa nyongo unajikunja. Nataka kukuona vizuri. Nataka usile kuanzia saa nne usiku."

"Siku niliyokula ndiyo siku mnayotaka nisile." Aliguna, na guno lile lilikuwa karibu na kicheko kuliko kitu kingine chochote chumbani siku ile. Kisha uso ukarudi. "Niambie ukweli. Halipo?"

Fundi alifungua mdomo. Macho alimtangulia.

"Sijui. Nina sababu nzuri ya kudhani ni kivuli. Lakini kitu cha kweli nacho kinaweza kukaa mahali pale pale. Pacha wote wawili wakifanya kazi, na ukishika pumzi nitakapokwambia, maana mwili ukisogea kati ya wa kwanza na wa pili vivuli vinabaki, nitajua kesho. Leo sijui."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole. Jibu lile lilionekana kumkalia vizuri kuliko faraja.

"Saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Utashika wewe hicho kidude. Na huyu awepo, asimame pale nimwone." Akajiinua kwa mikono miwili. Mlangoni alisimama, akashika mkoba. "Mkasi ubaki kwa dada yako mpaka kesho," alimwambia mwanawe. "Nikiutaka nitaufuata mwenyewe. Ya kuolewa na kuoa sijayasema, msije mkadhani nimeyasema." Kisha, bila kumtazama yeyote, "Neno la Jumapili nililisema mbele ya watu sita. Nitalirudisha mbele ya watu sita."

Viatu vyake vilishuka ngazi, vikipumzika kila ngazi ya tano.

Chai ilikuwa imepoa na kufanya utando. Macho alivaa koti lake tena, kwa sababu kazi ilikuwa bado.

"Mrudishe," alisema.

Fundi alikaa kwenye kibodi. Vidole vyake vilifanya makosa mara mbili kabla ya kupata mstari aliouzima. Macho alishika kichwa cha kupimia juu ya tofali la jeli, akitazama kona ya skrini. Ishirini na mbili. Ishirini na mbili. Kumi na moja. Picha ikawa inatembea kama kobe. Vile vivuli vinane vikafifia, vikasita, vikaondoka. Akahesabu kwa ncha ya kalamu. Sita. Akatikisa kimakusudi mkono wake, vivuli vikachungulia, akautuliza, vikatoweka.

"Sita," alisema.

"Sita," Fundi alikubali.

Aliandika bila kuambiwa. Macho alisoma juu ya bega lake, akiwa mbali kiasi cha kutomgusa. Alhamisi. Jumatano iliyopita nilimzima pacha wa pili kwa ajili ya wageni. Kwa bahati mbaya sikuandika. Fundi alisitisha kalamu hapo, akayatazama maneno yake, akakata "kwa bahati mbaya" kwa mstari mmoja ulionyooka. Akaendelea. Picha ya Ijumaa ya mama yangu ilipigwa kwa pacha mmoja. Nimejua Jumapili. Nimesema leo. Wageni nitawaandikia kesho asubuhi. Akaweka saini.

Chini yake kulikuwa na mstari wa pili, wa saini ya pili. Akamnyooshea kalamu.

Macho hakuipokea.

"Umeandika vizuri," alisema. "Lakini saini yangu husema nimehakikisha. Nitahakikisha kesho."

"Mashine tu, au na mimi pia?"

Alimtazama. Shati, kifungo cha rangi tofauti, macho mekundu ya mtu aliyekuwa karibu kulia na akaona aibu kulia. Alitaka kukishika kifungo kile. Alitaka pia kukinyofoa.

"Usinisindikize leo," alisema. "Nitapanda basi peke yangu."

Alifuta tofali la jeli kwa kitambaa chenye unyevu, akalifunika. Akafuta kichwa cha kupimia, akakitundika. Kisha akachukua chupa mpya ya jeli kabatini, akaisimamisha ndani ya kile kisanduku cha kupashia ambacho hakuna aliyekitumia tangu majira ya joto yaanze, akakitega kijiwashe saa moja na nusu asubuhi, ili mtu atakapolala pale saa mbili asiguswe na baridi.

Daftari aliliacha wazi juu ya meza, kalamu katikati, mstari wa pili mweupe. Akazima taa ya upande wake.